Kingamwili za Kutengenezwa na Kirusi Kinachojigeuza

1. Utangulizi

Katikati ya mwezi wa Februari 2021, wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa virusi vya korona walipowasili Luanda, Angola. Watafiti waliposoma jenomu ya virusi hivyo waligundua aina ambayo ilikuwa haijaelezwa na mtu yeyote kabla ya hapo. Baadaye aina hiyo ilipewa jina la A.30. Katika mwaka huohuo wataalamu wa Göttingen, Ujerumani, waliijaribu dhidi ya dawa iitwayo bamlanivimab. Dawa hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani kwa gharama kubwa na kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo ilishindwa kuizuia A.30 isiingie katika seli.

A.30 haikuenea sana. Ilionekana mara chache tu, kisha ikatoweka. Lakini habari yake inatupa maswali mawili yanayofaa kufikiriwa darasani. Kwanza, inakuwaje dawa iliyotengenezwa kwa uangalifu mwingi ishindwe na mabadiliko machache katika kirusi? Pili, kwa nini aina iliyobebwa na wasafiri kutoka nchini mwetu ijulikane kwanza katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine?

Makala haya yanakusudia kueleza namna kingamwili zinavyofanya kazi, namna zinavyotengenezwa, na mbinu zinazotumiwa na wataalamu kushindana na virusi vinavyobadilika. Mifano mingi imechukuliwa katika eneo letu la Maziwa Makuu, ili mwanafunzi wa Mwanza, Musoma au Bukoba aone kuwa elimu hii si ya watu wa mbali peke yao.

2. Kingamwili ni nini?

Mwili unapoingiliwa na kitu kigeni, kwa mfano bakteria, kirusi au sumu ya nyoka, baadhi ya seli nyeupe za damu hutengeneza protini za kukabiliana nacho. Protini hizo ndizo kingamwili. Umbo la kingamwili lafanana na panda ya manati. Imeundwa kwa minyororo minne ya asidi amino: miwili mizito na miwili myepesi. Ncha mbili za juu ndizo zinazomshika adui, nazo hutofautiana sana kati ya kingamwili moja na nyingine. Shina la chini halitofautiani sana; kazi yake ni kuziita seli nyingine za ulinzi, na pia kuamua kingamwili itakaa katika damu kwa muda gani.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kingamwili haimshiki adui mahali popote tu. Hushika sehemu moja ndogo yenye umbo na chaji za umeme zinazooana na ncha zake, kama ufunguo unavyooana na kufuli lake. Katika uhusiano huu mna nguvu ya kingamwili, na mna udhaifu wake pia.

3. Kutoka damu ya farasi hadi seli chotara

Kutibu kwa kingamwili si jambo jipya. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, wakifanya kazi Berlin, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyepata kinga yaweza kumkinga mnyama mwingine. Dawa ya kuumwa na nyoka inayotumika mpaka leo imetokana na elimu hiyo: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kingamwili huchujwa kutoka katika damu yake.

Dawa ya namna hiyo ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi zisizofanana, na ni vigumu kuutengeneza upya ukiwa uleule. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, katika mji wa Cambridge, Uingereza, walipata njia nyingine. Waliunganisha seli inayotengeneza kingamwili moja na seli ya saratani isiyokoma kugawanyika. Seli chotara iliyozaliwa iliendelea kuishi na kutoa kingamwili ya namna moja tu bila mwisho. Kingamwili hizo huitwa kingamwili za ukoo mmoja, na uvumbuzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Siku hizi mara nyingi watafiti huanza na damu ya mtu aliyepona ugonjwa. Hutafuta ndani yake seli inayotoa kingamwili yenye nguvu kuliko nyingine, husoma jeni zake, kisha huzipandikiza jeni hizo katika seli za mamalia zinazokuzwa ndani ya matangi ya kiwanda. Kwa kuwa jeni ziko mikononi mwao, wanaweza kuzibadili watakavyo. Kazi hiyo ndiyo iitwayo uhandisi wa kingamwili.

4. Mfano wa Kongo ya Mashariki

Kabla ya kueleza jinsi dawa hizi zilivyoshindwa, yafaa tuone mahali zilipofaulu. Mwaka 2018 homa ya Ebola ilizuka katika Kivu Kaskazini na Ituri. Kuanzia Novemba mwaka huo mpaka Agosti 2019, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jaribio lilisimamiwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na wenzao wa Marekani. Wagonjwa 681 walishiriki.

Miongoni mwa waliopewa kingamwili iitwayo mAb114, waliokufa walikuwa kama 35 katika kila 100. Na waliopewa mseto wa kingamwili tatu uitwao REGN-EB3, kama 34 katika kila 100. Katika kundi la kulinganishia, lililopewa dawa ya ZMapp, karibu nusu walifariki. Na mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit, huko huko Kongo, mwaka 1995. Kinga iliyozaliwa katika mwili wa Mkongo mmoja ilikuja kuokoa maisha ya wengine zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Hapa linazuka swali. Ikiwa kingamwili ya mwaka 1995 ilifaa mwaka 2019, kwa nini kingamwili za korona za mwaka 2020 hazikudumu hata miaka mitatu?

5. Mwiba wa kirusi cha korona

Kirusi cha korona kina jenomu ya herufi kama 30,000 za RNA. Juu ya ganda lake imesimama miiba ya protini, na kila uzi wa mwiba una asidi amino 1,273. Sehemu ya asidi amino kama 220 tu, kutoka ya 319 hadi ya 541, ndiyo inayoshika kipokezi kilicho juu ya seli za binadamu. Kingamwili ikikaa hapo, kirusi hakiingii. Kwa sababu hiyo karibu kingamwili zote zilizotengenezwa kuwa dawa zililengwa hapo.

Sasa tutazame namba 484. Katika kirusi cha mwanzo mahali hapo palikuwa na asidi glutamiki, yenye chaji hasi. Katika A.30, na pia katika aina ya Beta iliyotoka Afrika Kusini, mahali hapo pameshikwa na lisini, yenye chaji chanya. Wataalamu huliandika badiliko hilo E484K. Herufi mbili ni vifupisho vya asidi hizo, na namba huonyesha mahali. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba chaji zisizofanana huvutana na zinazofanana husukumana. Kingamwili iliyokuwa ikijishikiza kwa kuvutwa na chaji hasi sasa yasukumwa. Ufunguo ni uleule, lakini kufuli limebadilishwa jino moja.

Yako mambo mawili yaliyoharakisha mabadiliko hayo. Kirusi cha korona kiliambukiza mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na kila kinapojinakili hufanya makosa machache. Zaidi ya hayo, watu walipokwisha kupata kinga kwa kuugua au kwa chanjo, virusi vilivyobadilika mahali panaposhikwa ndivyo vilivyopata nafasi ya kuendelea. Ebola ya Kongo haikupitia katika watu wengi kiasi hicho.

6. Wavu na samaki

Wanafunzi wengi husema kwamba kirusi "hujifunza" kuikwepa dawa. Kauli hiyo ni ya kusahihishwa, na mfano wa ziwani waweza kutusaidia.

Wavuvi wakitega nyavu zenye matundu makubwa, samaki wakubwa hunaswa, na wadogo hupita. Tuseme kwamba miongoni mwa samaki wa ziwa wamo wachache ambao kwa kurithi hupevuka na kuzaa wakiwa bado wadogo. Hao wataacha watoto wengi kuliko wenzao walionaswa kabla ya kuzaa. Baada ya vizazi vingi, samaki wa namna hiyo watakuwa wengi ziwani. Wavu haukumfundisha samaki yeyote kuwa mdogo. Uliwaondoa wengine tu.

Kingamwili ni wavu wa namna hiyo. Virusi vyenye lisini katika namba 484 vyaweza kutokea kwa bahati hata pasipo dawa. Lakini mahali penye kingamwili ya aina moja, ndivyo vinavyosalia na kuzaana. Orodha ifuatayo yaonyesha muda ambao dawa kadhaa ziliruhusiwa kutumika Marekani kabla ya kuzuiwa kwa sababu ya aina mpya za kirusi:

Bamlanivimab peke yake: Novemba 2020 hadi Aprili 2021.
Casirivimab pamoja na imdevimab: Novemba 2020 hadi Januari 2022.
Sotrovimab: Mei 2021 hadi Aprili 2022.
Tixagevimab pamoja na cilgavimab: Desemba 2021 hadi Januari 2023.
Bebtelovimab: Februari 2022 hadi Novemba 2022.

Nyingi katika hizo ziliangushwa na Omikroni, aina iliyotangazwa Novemba 2021 na wataalamu wa Botswana na Afrika Kusini, na wazao wake. Mwiba wa Omikroni ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30. Mnamo Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sotrovimab, na pia mseto wa casirivimab na imdevimab, zisitumike tena kutibu ugonjwa huu.

7. Mbinu nne za wahandisi

(a) Mseto. Tanzania tunaifahamu dawa mseto ya malaria. Wazo la hapa ni hilohilo. Tuchukue, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kirusi kimoja katika kila 100,000 chaweza kuikwepa kingamwili ya kwanza, na kimoja katika kila 100,000 chaweza kuikwepa ya pili. Ikiwa kingamwili hizo hushika sehemu mbali mbali, kirusi cha kuzikwepa zote mbili kitakuwa kimoja katika 10,000,000,000. Mbinu hii ni nzuri, lakini orodha hapo juu inatuonyesha mpaka wake: Omikroni ilikuja na mabadiliko mengi kwa pamoja, ikazikwepa kingamwili zote mbili za mseto.

(b) Kulenga mahali pasipobadilika kwa urahisi. Zipo sehemu za mwiba ambazo kirusi hakiwezi kuzibadili bila kujidhuru. Watafiti walizitafuta kwa kulinganisha virusi vya jamaa moja. Sotrovimab ilitokana na mtu aliyepona ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003. Kingamwili yake ilishika kirusi cha zamani na kipya pia, maana ilikamata sehemu wanayochangia. Ilistahimili Omikroni ya kwanza, ikadhoofika mbele ya aina ya BA.2. Kwa hiyo "pasipobadilika" ni neno la kadiri.

(c) Kurefusha maisha ya kingamwili. Seli za kuta za mishipa ya damu humeza protini za damu na kuzitia katika vifuko vyenye asidi kidogo, pH kama 6. Humo kipokezi maalumu hulishika shina la kingamwili, huirudisha kwenye damu, na kuiachia pale pH inapofika 7.4. Protini zisizoshikwa humeng'enywa. Wahandisi wamebadili asidi amino mbili au tatu tu za shina ili lishikwe vizuri zaidi ndani ya kifuko. Kingamwili ya kawaida ina nusumaisha ya siku kama 21. Iliyobadilishwa yaweza kufikia kama miezi mitatu. Tuchukue kwamba mgonjwa amepewa miligramu 300. Baada ya siku 84, ile ya kawaida itakuwa imepita nusumaisha nne, nayo itabaki sehemu moja ya kumi na sita, yaani miligramu 18.75. Yenye nusumaisha ya siku 84 itabaki miligramu 150.

(d) Kuisanifu upya kwa kompyuta. Badala ya kutafuta kingamwili mpya kila aina mpya inapotokea, watafiti huichukua ya zamani na kuibadili ncha zake. Mwaka 2024 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani na wenzao walieleza kazi waliyoifanya juu ya kingamwili iliyo mama wa cilgavimab. Idadi ya mabadiliko yaliyowezekana ilipita 10 kwa kipeo cha 17. Hakuna maabara iwezayo kuyajaribu yote. Kompyuta ilikadiria nguvu za kushikana na ikachagua 376 tu za kupimwa kwa mikono. Iliyoshinda ilirudisha nguvu dhidi ya Omikroni ya mwanzo bila kuipoteza dhidi ya aina zilizotangulia. Lakini kazi hiyo ilipochapishwa, Omikroni ya mwanzo ilikuwa imekwisha kupita. Mwaka huohuo wa 2024 Marekani iliruhusu pemivibart, kingamwili iliyosanifiwa upya kutokana na nyingine iliyozidiwa na Omikroni. Ndiyo kusema kwamba njia hii yafaa, ila ni mashindano ya mbio, na si ushindi wa mara moja.

8. Yote haya yanatuhusu nini Kanda ya Ziwa?

Msomaji aweza kusema: dawa hizi ni ghali, huhifadhiwa katika jokofu, nyingi hutolewa kwa mshipa, tena Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha. Basi kwa nini tujisumbue? Ziko sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba wako watu ambao chanjo haiwatoshi: wagonjwa wa saratani wanaotibiwa, kama wale wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, na watu wenye upungufu mkubwa wa kinga. Kwao kingamwili ya kudungwa ni kinga ya kuazima. Tena watu hao wasipotibiwa, kirusi hukaa mwilini muda mrefu na kubadilika. Mwaka 2021 watafiti wa Afrika Kusini walieleza habari za mgonjwa mwenye VVU vilivyokuwa havijadhibitiwa na dawa, ambaye kirusi cha korona kilikaa mwilini mwake siku 216 na kupata mabadiliko mengi, E484K likiwamo. Kwa hiyo dawa za kufubaza VVU, zinapofika kila mwalo na kila kisiwa, huwalinda wanaozitumia na hulinda pia dawa za kingamwili zisipitwe na wakati.

Ya pili ni kwamba ujuzi huu hauishii kwenye korona. Siaya, upande wa Kenya wa ziwa letu, lilianza mwaka 2022 jaribio la kuwakinga watoto na malaria kwa kingamwili iitwayo L9LS. Hushika sehemu ya kimelea isiyobadilika kwa urahisi, na shina lake limebadilishwa asidi amino mbili ili idumu miezi. Hizo ndizo mbinu (b) na (c) tulizozieleza hapo juu.

Ya tatu ndiyo kubwa. Kingamwili haiwezi kuchaguliwa wala kusanifiwa ikiwa hakuna anayejua kirusi kilichopo kina umbo gani. Katika Entebbe, ng'ambo ya ziwa, ipo taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa mwaka 1936. Watafiti wa huko walisoma jenomu za wagonjwa wa Uganda, wakaiona aina ya A.23.1 ikiinuka mwishoni mwa mwaka 2020, na wakaitangazia dunia mabadiliko yake wao wenyewe. Sisi kwa upande wetu tulikuwa tumeacha kutoa takwimu tangu Mei 2020, idadi ya wagonjwa ikiwa 509, mpaka zilipoanza kutolewa tena mwaka 2021. A.30 ilipita katika kipindi hicho cha kimya. Virusi havikungoja takwimu. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hukutana wafanyabiashara wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Kinachoingia katika bandari moja ya ziwa hili kitafika katika nyingine.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kingamwili hufaulu au kushindwa kulingana na mahali inaposhika. Tumeona pia kwamba wahandisi wanaweza kuziunganisha, kuzilenga upya, kuzirefushia maisha na kuzisanifu kwa kompyuta. Lakini kila mbinu katika hizo huanza na habari za kirusi kilichopo leo katika miili ya watu wa mahali fulani. Habari hizo hazinunuliwi pamoja na dawa. Hupatikana kwa kupima, kusoma jenomu na kusema wazi kilichoonekana. Mwanza inayo hospitali ya rufaa, chuo kikuu cha tiba na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kinachohitajika zaidi ni vijana wanaoijua biolojia pamoja na kemia, hisabati na kompyuta, watakaokaa katika maabara hizo. Walimu wa sekondari ndio wenye kuwaandaa.

Maswali ya mazoezi na majadiliano

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya dawa ya nyoka itokanayo na damu ya farasi na kingamwili za ukoo mmoja.

2. Kwa kutumia kanuni ya chaji, eleza kwa nini badiliko la E484K huweza kuidhoofisha kingamwili.

3. Kingamwili ina nusumaisha ya siku 21. Itachukua siku ngapi miligramu 400 zipungue na kubaki 50? Chora grafu.

4. Mfano wa wavu na samaki unafaa wapi, na unapungukiwa wapi? Kumbuka kwamba kirusi hujinakili kwa saa, na samaki huzaa kwa miezi.

5. Jadilini: Mkoa umepewa fedha za kutosha ama kununua kingamwili za wagonjwa wachache, ama kununua mashine ya kusoma jenomu za virusi. Mngechagua lipi, na mngewaeleza nini wale wagonjwa?